Mbunifu wa Televisheni na Chumba cha Shangazi

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nikiwa natoka nyumbani Makorora kuelekea kazini, kijana mmoja fundi rangi alinisimamisha karibu na genge la mboga. Akanisalimu, "Shikamoo mjomba," kisha akachomoa simu mfukoni akanionyesha kipande cha picha za zamani za televisheni. Katika picha zile alikuwepo Mwingereza mmoja mwenye nywele ndefu kama za mwanamke, kavaa koti la mahameli na shati ambalo mikono yake ina marinda yanayomfunika mpaka vidoleni. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha watu, anaeleza kwa raha zote kwa nini kuta zile kazipaka rangi nzito na kuzichora kwa dhahabu.

"Mjomba," kijana akaniuliza, "huyu mtu ni nani? Alisomea nini mpaka akaitwa kwenye televisheni? Na mimi ninayepaka nyumba za watu hapa Ngamiani na Makorora, naweza kufika huko?"

Lile halikuwa swali la kujibiwa barabarani, na jua lilikuwa limeshachomoza. Nikamwambia afungue redio siku ya kipindi chetu. Basi maongezi yetu ya leo ni jibu lake, na wengine mnakaribishwa kusikiliza.

Bwana huyo anaitwa Laurence Llewelyn-Bowen. Jina hilo ni la Ki-Wales, na mtangazaji asiyelizoea huweza kujing'ata ulimi hewani. Mimi nimelifanyia mazoezi tangu alfajiri. Alizaliwa London tarehe 11 Machi 1965. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa, akafariki wakati mtoto ana umri wa miaka 9. Mama yake alikuwa mwalimu, naye aliishi na maradhi ya neva ambayo yalimpunguzia nguvu za mwili mwaka hata mwaka. Nayataja haya kwa sababu watu wakimwona mtu amevaa mahameli hudhani amezaliwa juu ya zulia na hajui taabu.

Alisoma sanaa katika chuo cha Camberwell, kusini mwa London, akahitimu mwaka 1986. Hapo fundi wangu asikilize vizuri. Hakusomea televisheni, wala hakusomea kupamba nyumba. Alisomea kuchora na kupaka rangi kama msanii, jambo ambalo humlazimisha mtu kukaa na wakubwa wa zamani, kutazama karne baada ya karne watu walipamba vipi makanisa yao, majumba yao na vitanda vyao. Baada ya masomo akaingia katika kazi ya ubunifu wa mapambo ya ndani. Televisheni ilimkuta akiwa tayari ana miaka kadhaa ya kazi mkononi, anajua bei ya kitambaa kwa mita na anajua mteja anavyogombana na mumewe juu ya pazia.

Kipindi kilichompa jina kinaitwa Changing Rooms. Kilianza kuonyeshwa mwezi Septemba mwaka 1996 katika chaneli ya pili ya BBC, na mwaka 1998 kikahamishiwa chaneli ya kwanza, kwa maana kwamba watazamaji walikuwa wengi mno kuachwa pembeni. Kikaendelea mpaka mwaka 2004. Mpango wake ulikuwa rahisi kama mchezo wa watoto. Watu wa nyumba mbili, majirani au marafiki, wanabadilishana funguo. Kila upande unakwenda kubadilisha chumba kimoja katika nyumba ya mwenzake, ukisaidiwa na mbunifu na fundi seremala. Muda ni siku mbili. Fedha ni paundi 500. Mwenye chumba haruhusiwi kuchungulia hata kwa tundu la ufunguo. Siku ya pili jioni anaingizwa akiwa amefumba macho, mtangazaji anamwambia afumbue, na kamera inamsogelea usoni.

Uso ule, ndugu msikilizaji, ndio uliokuwa unauza kipindi. Kabati na mapazia yalikuwa kisingizio. Watu zaidi ya milioni 10 walikuwa wakikaa mbele ya televisheni wakingoja kuona kama mama wa watu atacheka, atalia, au atasema "nzuri sana" kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba.

Wabunifu walikuwa kadhaa. Alikuwepo Linda Barker, ambaye wengi wanamkumbuka kwa msiba mmoja: ilitundikwa rafu ikining'inia kwa nyaya, juu yake pakapangwa mkusanyo wa mabirika ya chai ambayo mwenyewe aliyathamini sana, na rafu ikaanguka na mabirika yakavunjika. Alikuwepo seremala Andy Kane, fundi wa kweli, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza ndoto za wabunifu na kuzikata kwa msumeno. Lakini aliyebaki katika vichwa vya watu ni huyu wa marinda.

Kwa nini yeye? Sababu ya kwanza ni kwamba alikuja na msimamo. Miaka ile Uingereza ilikuwa na desturi ya kupaka nyumba rangi za woga: nyeupe, maziwa, mchanga, nyeupe tena. Mtu anapaka hivyo ili siku akiuza nyumba mnunuzi asikwazike. Llewelyn-Bowen alikuwa adui wa woga huo. Yeye ni mtu wa wekundu uliokolea, zambarau, kijani cha chupa, mapazia yanayoburura sakafuni, vioo vyenye fremu za dhahabu, michoro ya majani na ndege ukutani. Anakopa kutoka karne ya 17 na ya 18 huko Ulaya, zama ambazo wafalme na makanisa walishindana kwa dhahabu na mikunjo, na anakopa pia kutoka mwanzo wa karne ya 19, enzi za yule mwana wa mfalme wa Uingereza aliyejijengea kasri katika mji wa pwani wa Brighton, nje lina makuba kama ya Kihindi na ndani limepambwa kwa mtindo wa Kichina. Mtu wa Camberwell anayajua mambo haya, na akikata ubao wa bei rahisi kwa umbo la nguzo ya kifalme, anajua umbo hilo limetoka wapi.

Sababu ya pili ni kwamba aliielewa kamera. Televisheni za wakati ule zilikuwa ndogo na picha zake hazikuwa kali. Ukuta mweupe ndani ya kioo kile hausemi kitu. Ukuta mwekundu wenye dhahabu unapiga kelele mpaka jikoni. Hata nguo zake zilikuwa sehemu ya kazi. Kabla hajatamka neno umekwisha jua huyu ndiye, na utamngoja wiki ijayo.

Na sababu ya tatu, alikuwa hana aibu ya kukataliwa. Mwenye nyumba akikunja uso, yeye anatabasamu na kufafanua. Wengine waliita hicho kiburi. Mimi nadhani nusu ni kiburi na nusu ni utumishi, kwa sababu mtu anayepokea lawama hadharani kwa kazi ya siku mbili na paundi 500 analipwa kwa lawama ile.

Tena tuiseme hesabu yenyewe. Zile paundi 500 zilikuwa za vifaa. Ujira wa mbunifu, wa seremala na wa kundi zima la watayarishaji haumo. Mtazamaji wa kawaida akichukua kalamu na kusema "nami nitafanya kwa kiasi hicho", amesahau kwamba hana Andy. Na mbao zilizotumika sana zilikuwa zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo mafundi wetu wanaziita emdiefu. Ni rahisi, zinakatika vizuri, zinapokea rangi vizuri. Lakini zikinywa maji zinavimba kama mkate ndani ya chai. Sisi tunaokaa na chumvi ya bahari na masika ya Tanga, tena katika mkoa ambao jirani zetu wa Muheza wana msitu wa misaji pale Longuza, tuna haki ya kuuliza mara mbili kabla ya kununua kabati la emdiefu.

Sasa niwaambie kilichonikuta mimi mwenyewe, maana bila hicho nisingethubutu kuzungumzia mapambo ya mtu.

Mwaka 1996 kipindi kile kilipoanza, sisi wa Tanzania Bara tulikuwa wachanga katika mambo ya televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikwisha kuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara ITV na vituo vingine vya kwanza vilianza mwaka 1994. Wazee wenzangu wa Makorora watakumbuka jinsi televisheni ilivyoingia katika nyumba zetu na kugeuza viti. Kabla yake makochi yalitazamana, kwa sababu watu walikuja kuzungumza. Ilipokuja televisheni makochi yote yakageukia upande mmoja kama yanaswalishwa. Juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki, na wakati haiangaliwi inafunikwa isiingie vumbi.

Kwa jirani yetu mmoja kulikuwa na dishi, na kwa dishi lile tulikuwa tunapata chaneli ya BBC. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha sita, mwaka 2001, sina kazi, naishi kwa shangazi yangu. Nikamwona huyu bwana wa mahameli, nikapagawa. Shangazi akapata safari ya kwenda Pangani kumwangalia binti yake aliyejifungua. Akaniachia nyumba kwa siku 10. Mimi nikaona hii ndiyo nafasi: nitamfanyia shangazi chumba, arudi afumbue macho.

Nikanunua makopo ya rangi ya mafuta, rangi ile tunayoiita damu ya mzee. Nikakata boksi kwa wembe nikapata umbo la jani, nikalibandika ukutani na kupitisha brashi yenye rangi ya dhahabu, jani baada ya jani, kuta zote nne. Kazi ya mkono, nasema bila kujisifu, haikuwa mbaya. Vitambaa vya kufuma nilivikusanya vyote nikavitia ndani ya sanduku, maana niliona vinaleta ushamba. Kitanda nilikitoa dirishani nikakiweka katikati ya ukuta mkubwa, kwa sababu katika televisheni kitanda hukaa hivyo. Kabati nikalisogeza mbele ya dirisha ili pande mbili zilingane. Picha ya marehemu mumewe, iliyokuwa kwenye msumari karibu na mlango, nikaihamishia ukumbini mahali pa heshima, nilivyodhani.

Shangazi akarudi siku ya Ijumaa jioni. Nikamfumba macho kwa kanga yake mwenyewe. Majirani walikuwa wamejaa ukumbini. Nikamwambia, "Haya shangazi, tazama."

Akatazama. Akatazama tena. Kisha akasema, "Ahsante mwanangu," akatoka akaenda kukaa barazani, na mtandio wake bado mabegani kama mgeni. Majirani nao mmoja mmoja wakakumbuka vyungu vyao motoni.

Usiku ule hakulala humo. Alisema harufu ya rangi inamuumiza kichwa, na kweli ilikuwa inaumiza. Lakini harufu iliisha, na shangazi akaendelea kulala ukumbini juu ya mkeka karibu miezi miwili. Hakunigombeza hata siku moja. Ingekuwa afadhali kugombezwa.

Siku moja nikamuuliza kwa adabu kosa langu ni lipi. Akanieleza bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kitanda kilikuwa dirishani kwa sababu wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, chumba kile hakina pumzi nyingine isipokuwa dirisha lile, na sisi wakati huo hatukuwa na pangaboi. Kabati nililoliweka dirishani lilikuwa limeziba pumzi. Chumba kinapigwa na jua la magharibi. Kuta zilipokuwa na chokaa zilikuwa zinapoa ikifika isha, na sasa zimevaa koti la mafuta zinatoa joto mpaka usiku wa manane. Picha ya mumewe ilikuwa pale mlangoni kwa sababu ndicho kitu cha kwanza anachokiona akifumbua macho. Na vile vitambaa vilivyoleta ushamba vilifumwa na mama yake, yaani bibi yangu, mwaka aliopofuka jicho moja.

Ndugu msikilizaji, Marekani nao walitengeneza kipindi chao kwa kufuata kile cha Uingereza, kikaitwa Trading Spaces, kikaanza mwaka 2000. Mbunifu mmoja katika kipindi hicho, Hildi Santo-Tomas, alibandika majani makavu kwenye kuta za chumba cha watu. Mwingine, Doug Wilson, alimfunikia mama mmoja meko yake ya matofali, kitu ambacho yule mama alikuwa amewaomba kabisa wasikiguse. Alipoingia akaona, akatoka pembeni akalia, na kipaza sauti kilikuwa bado kimefungwa kwenye nguo yake. Kilio kile kikarushwa, na kipindi kikazidi kutazamwa. Nilipokuja kukisikia kilio chenyewe, miaka mingi baadaye, nilijua kinatokea wapi. Shangazi yangu alikuwa na bahati kwamba hapakuwa na kamera.

Sisemi hivyo kumlaumu Llewelyn-Bowen. Yeye alikuwa na makubaliano na watu wale; walijaza fomu, walijua wanaingia katika mchezo. Tena nadhani katika vita vyake dhidi ya ukuta wa woga yuko upande wetu kuliko tunavyofikiri. Watu wa pwani hii hawajapata kuogopa mapambo. Nenda Tongoni, kilomita chache kusini ya mji wetu, ukayaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Nguzo zile zilikuwa zimepachikwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Nenda Lamu ukaingie nyumba za mawe za karne ya 18, utakuta chumba cha ndani ukuta mzima una zidaka zilizochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, na ndani ya zidaka vilikuwa vinapangwa vyombo vya Kichina. Kichina kule Brighton, Kichina huku Lamu, na Lamu haikuiga Brighton.

Lakini tazama chumba kile cha Lamu kilivyo na akili. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, zimepakwa chokaa. Mwanga unaingia kwa ua wa ndani, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo unavyopungua. Zidaka zinapata kivuli chao kutokana na kina chake, kwa hiyo ukuta mweupe mtupu unakuwa na michoro bila tone la rangi. Pambo limetokana na jua la pale pale. Na Uingereza vivyo hivyo: kule wakati wa baridi jua linatua saa 10 alasiri, watu wanakaa ndani wamefunga madirisha, na ukuta mwekundu wenye taa ya manjano unampa mtu moto wa macho. Damu ya mzee kule ni blanketi. Kwenye chumba cha shangazi kinachopigwa na jua la magharibi mwezi wa Februari, ilikuwa blanketi vile vile.

Siku hizi vijana hawahitaji dishi la jirani. Kila mmoja ana simu, na ndani ya simu kuna vyumba elfu kutoka Dubai, Istanbul na Lagos. Ndiyo maana nyumba zetu zimeanza kuota dari za jipsam zenye taa za rangi pembeni, dari ambazo zimeshushwa mpaka pangaboi halina pa kuzunguka, na makochi makubwa ya kona ambayo yakishaingia hayatoki mpaka mlango ung'olewe. Nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto na uani nyuma, ilipangwa ili upepo uingie mlango wa mbele na kutokea uani. Nimeona mtu ameujengea ukumbi ukuta wa kuwekea televisheni katikati yake. Upepo umefika pale umesimama, na yeye amekwenda kununua feni ya pili.

Hata hivyo kazi ya mapambo ya ndani ni kazi halali na inakua, na kijana wangu asikate tamaa. Hapa kwetu wengi wanamfahamu Jacqueline Ntuyabaliwe, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2000, akaimba kwa jina la K-Lynn, na baadaye akaingia katika ubunifu wa fanicha na mapambo ya ndani. Chuo Kikuu cha Ardhi pale Dar es Salaam kinatoa shahada ya fani hii. VETA wanafundisha upakaji rangi. Na tusiwasahau kina mama wapambaji wa maharusi wa mji huu, ambao kwa magunia mawili ya vitambaa, maua na pini wanageuza ukumbi mtupu ukawa pepo kati ya adhuhuri na magharibi, wakati ule mpango wa siku mbili ulihesabiwa kuwa wa kasi. Hawana marinda mikononi na hawajaonyeshwa BBC.

Naye Llewelyn-Bowen hakuishia pale. Kipindi kilipofungwa mwaka 2004 aliendelea kubuni karatasi za ukutani na bidhaa nyingine za nyumbani zenye jina lake. Ameshiriki kubuni mapambo ya taa za mji wa Blackpool, ambao una desturi ya kuwasha taa za mapambo ufukweni kila mwaka. Akaenda Australia kuwa jaji katika kipindi cha watu wanaokarabati nyumba. Mwaka 2021 chaneli ya nne ya Uingereza ilipokifufua kile kipindi, wakamwita tena, umri miaka 56, marinda yale yale. Ukiwauliza mafundi watakwambia si jambo dogo mtu kushikilia ladha moja miaka 25 wakati dunia yote imekwenda kwenye kijivu ikarudi.

Kwa hiyo kijana, swali lako la kwanza nimelijibu: alisomea kuchora, akafanya kazi kwanza, kamera ikaja baadaye. Swali la pili, kama nawe utafika, mimi si mtabiri. Ila juzi ulinipigia ukasema umepata kazi ya kupaka sebule ya mwalimu mmoja mstaafu, na umenitumia picha tatu za vyumba vya Istanbul uniulize nichague ipi. Nilikuuliza dirisha la sebule ile linatazama wapi, ukanijibu hukuangalia. Nikakuuliza mwalimu mwenyewe anakaa kiti gani, ukacheka. Jana jioni umenitumia ujumbe mwingine: dirisha linatazama mashariki, mwalimu anakaa kwenye kiti cha ukindu karibu na mlango kwa sababu ya mgongo wake, na anataka kijani cha majani machanga, rangi ambayo haimo katika picha hata moja kati ya zile tatu. Bei mmeafikiana.

Chumba cha shangazi kilipakwa chokaa upya baada ya ile miezi miwili, nikikwangua mimi mwenyewe kwa kisu, maana chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kitanda kikarudi dirishani, vitambaa vikarudi kwenye makochi, picha ikarudi kwenye msumari wake. Nyuma ya mlango aliniambia niache. Mpaka leo ukiufunga mlango ule utaona kipande cha ukuta chenye majani sita ya dhahabu juu ya damu ya mzee.

Yeye ni msikilizaji wetu wa kila wiki, na kabla ya kuandika maongezi haya nilikwenda kumwomba ruhusa. Akasema nisimulie tu, haidhuru, ila nisijifanye mkarimu mbele ya watu: nikumbuke kutaja kwamba makopo yale ya rangi niliyanunua kwa fedha ya mkaa aliyoniachia. Ni kweli, shangazi. Nimetaja.